St Mary Redcliffe, Bristol: usiishie kutazama mnara

Ukishuka treni kituo cha Temple Meads, Bristol, Uingereza, mnara wa kanisa la St Mary Redcliffe unauona kabla hujauliza njia. Ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Kuingia ni bure, kuna sanduku la sadaka, toa ulichojaliwa.

Kwa ukubwa wake utadhani ndilo Kanisa Kuu la dayosisi. Wapi! Ni kanisa la parishi tu, ila matajiri wa bandarini walilimwagia fedha. Mmojawao, William Canynges, alikuwa meya mara tano. Alipofiwa na mkewe akaacha biashara, akawa padri. Ana sanamu mbili humo ndani: moja kalala kando ya mkewe, kavaa kitajiri, nyingine yuko peke yake katika kanzu ya kipadri. Mnara nao ulipigwa na radi mwaka 1446, na ncha yake haikurudishwa hadi 1872.

Kilichonikalisha sana ni dirisha. Zamani lilimuenzi Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa. Juni 2020, waandamanaji walipoiangusha sanamu yake mjini na kuitosa bandarini, kanisa likaving'oa vioo vilivyomtukuza. Sasa vipo vipya: meli ya watumwa, watu waliosusia kupanda mabasi mwaka 1963 pale kampuni ya mabasi ilipokataa kuajiri weusi kama madereva na makondakta, na wakimbizi wa leo baharini. Rangi zake zimekolea, hata mtoto anasoma kisa bila maelezo. Mimi nimewahi kusali Mkunazini, Zanzibar, kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, kwa hiyo sikuweza kulipita dirisha hili kama mapambo.

Nje usikimbilie kuondoka. Katika nyasi kumesimama kipande cha reli ya tramu: bomu la Wajerumani la Aprili 1941 lilikirusha juu ya nyumba, kikachomeka hapo, wakaamua kukiacha. Pia tafuta kajiwe ka kaburi la paka wa kanisa, 1912 hadi 1927. Ndiyo, paka! Waingereza na wanyama wao.

Chukua darubini ndogo kama unayo, maana dari lina nakshi za dhahabu zaidi ya elfu moja na ziko juu mno kwa macho matupu. Jumapili asubuhi ni ibada, njoo kusali. Kamera ije siku ya kazi.