Tathmini ya Taarifa ya Wiki ya Watumishi katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi

Huduma ninayoitathmini hapa ni karatasi moja yenye kurasa mbili, inayotoka kila Ijumaa mchana katika chuo cha maendeleo ya wananchi kilichopo Nyanda za Juu Kusini, na kazi yake ni kuwaeleza watumishi yaliyotokea chuoni na yanayokuja. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa nina sifa za kutoa na nina lawama pia, na kwa kuwa hali nitakayoieleza inavihusu vingi kati ya vyuo 54 vya serikali vya aina hii nchini Tanzania. Nimeisoma Taarifa hiyo kwa muda wa kutosha kuona mzunguko mzima wa mwaka wa masomo. Ninaiona kuwa huduma bora kuliko nyingi za aina yake, na ubora wake unatokana hasa na jambo moja: habari ya shughuli inayokuja humfikia mtumishi akiwa bado ana muda wa kujipanga.

Asiyevifahamu vyuo hivi anaweza kujiuliza kwa nini karatasi ya matangazo ipewe uzito wote huu. Vilianzishwa mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia na kwa msaada wa Sweden, na tangu mwanzo vilikusudiwa kuwa mahali ambapo watu wazima wanajifunza, wanakula na kuishi pamoja. Kwa sababu hiyo kazi ya chuo haiishii darasani. Yupo mkufunzi wa useremala na wa ushonaji, yupo wa umeme wa majumbani na wa kilimo, lakini yupo pia matroni, mpishi, mtunza bohari, dereva, mlinzi, na siku hizi walezi wa watoto, kwa kuwa mpango wa Elimu Haina Mwisho umewarudisha masomoni wanawake vijana waliokatiza shule, na wengi wao huja na watoto wao. Kozi fupi ya ufugaji nyuki ikianza Jumatatu bila jikoni kuarifiwa idadi ya wanakozi, chakula cha mchana hakitoshi. Bweni lisipoandaliwa, watu wazima waliosafiri kutwa nzima hukalishwa kwenye mabenchi ya nje na mizigo yao huku matroni akitafutwa. Habari ikichelewa katika chuo cha bweni, anayeumia kwanza ni mwanafunzi.

Kabla ya Taarifa hii kuanzishwa, chuo kilitegemea ubao wa matangazo ulio nje ya masijala pamoja na kundi la WhatsApp la watumishi wote. Ubao ulijaa karatasi zilizopauka, matangazo ya mwaka uliopita yakiwa juu ya yale ya juzi. Kundi la WhatsApp lilikuwa na kasi, na kasi hiyohiyo ndiyo iliyoleta tatizo, maana tangazo la kikao lililowekwa saa mbili asubuhi lilifunikwa na salamu, pole, pongezi na picha za harusi kabla ya chai ya saa nne. Siwalaumu waliotuma salamu, kwa sababu kundi la watu wanaoishi na kufanya kazi pamoja lina haki ya kuulizana hali. Lakini mahali pa kusalimiana ni pagumu kutunzia tarehe.

Taarifa ya Wiki imelitatua tatizo hilo kwa mpangilio rahisi. Ukurasa wa kwanza una jedwali lenye safu nne: shughuli, siku na saa, mahali, na mtu wa kumwuliza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Tangazo la zamani lilizoea kusomeka hivi: “Kutakuwa na mafunzo kwa watumishi wote wiki ijayo, mnaombwa kuhudhuria bila kukosa.” Msomaji hakujua ni siku gani, ni ya nini, wala nani angeshika kipindi chake. Sasa tangazo la namna hiyo linaandikwa: “Mafunzo ya huduma ya kwanza na kuzima moto, Jumatano saa nane hadi saa kumi mchana, karakana ya uashi. Vipindi vya mchana vya siku hiyo vimehamishiwa Alhamisi. Wapishi watahudhuria kwa zamu mbili. Maswali yapelekwe kwa mtaaluma.” Yaliyoongezeka ni maneno machache tu, lakini anayeyasoma hana haja ya kuzunguka ofisini akiuliza, na wanafunzi wa mchana hawaachwi wakimsubiri mkufunzi asiyekuja.

Upande wa pili kuna sehemu ndogo iitwayo “Yanayokuja”, inayotazama mbele kwa miezi miwili, na hapa ndipo Taarifa inapoishinda kabisa njia ya zamani. Nane Nane ni mfano unaotosha. Maonesho ya wakulima ya kanda yetu hufanyika katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, yakifikia kilele tarehe 8 Agosti, na chuo hupeleka huko kazi za wanafunzi. Kila mtumishi anaijua tarehe hiyo tangu utotoni, na bado miaka ya nyuma maandalizi yalianza mwishoni mwa Julai, fundi akipiga vanishi ya viti usiku, mhasibu akisumbuliwa na maombi ya fedha ya dakika za mwisho. Sehemu ya “Yanayokuja” ililitaja banda la Nane Nane mapema mwezi Juni, ikaeleza karakana ipi italeta nini, na ikaweka siku ya mwisho ya kuwasilisha makadirio kwa mhasibu. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, tangazo la Juni lilimpa mhasibu nafasi ya kuyaingiza makadirio hayo katika mpango wa robo ya kwanza badala ya kuhangaika na salio. Viti vilifika Mbeya vimekauka rangi, na wanafunzi waliovitengeneza walikuwepo bandani kuvieleza kwa wateja wenyewe.

Vivyo hivyo kwa Mei Mosi, Wiki ya Utumishi wa Umma ya tarehe 16 hadi 23 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kisomo ya tarehe 8 Septemba na Siku ya Walimu Duniani ya tarehe 5 Oktoba. Hizi hujirudia kila mwaka, na Taarifa inazitaja kwa mstari mmojammoja bila maneno mengi, jambo ambalo naliona sahihi.

Katika masuala ya utumishi, karatasi hii imekuwa na manufaa ambayo waanzilishi wake huenda hawakuyatarajia. Tangu mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS uchukue nafasi ya mfumo wa zamani wa OPRAS katika kupima utendaji wa watumishi wa umma, mtumishi analazimika kujaza majukumu yake mtandaoni kwa wakati, na si kila mtu ana kompyuta au anaumudu mfumo huo vizuri. Taarifa hutangaza saa ambazo maabara ya kompyuta itakuwa wazi kwa watumishi pamoja na mkufunzi atakayekuwepo kusaidia. Mzee mmoja wa karakana ya ufundi magari, ambaye mikono yake inaijua injini kuliko ninavyoijua kalamu, alikaa pale mchana mzima na kutoka akiwa amejaza majukumu yake yote bila kumpa mtu mwingine nywila yake. Aidha, ratiba ya likizo huchapishwa mapema, hivyo anayedai siku zake 28 anajua ni nani atakayeshika kazi zake. Taratibu za kumwongeza mtegemezi katika bima ya afya ya NHIF zilielezwa hatua kwa hatua. Wanaokaribia miaka 60, ambao ni umri wa kustaafu kwa lazima, walikumbushwa kuhakiki mapema michango yao katika PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kumbukumbu zilizomo katika majalada yao. Hakuna mtumishi anayepaswa kugundua barua iliyopotea katika jalada lake wiki ambayo mshahara wake wa mwisho umeingia.

Habari za misiba, ndoa na watoto waliozaliwa zimetengewa nafasi ndogo chini ya ukurasa wa pili, zikiandikwa kwa staha. Nimefurahishwa kwamba Taarifa hutaja kiwango kilichokubaliwa cha rambirambi bila kuorodhesha nani ametoa na nani bado. Mtumishi wa mkataba ambaye malipo yake yamechelewa hastahili kubandikwa ukutani.

Sasa lawama, ambazo ni tatu, na moja ni nzito kuliko nyingine. Ya kwanza ni ya umbo. Nakala inayotumwa kwenye simu ni faili la PDF lililopangwa kwa ajili ya karatasi ya A4, na jedwali lenye safu nne halisomeki katika simu ndogo bila kulivuta huku na huku kwa vidole. Mpishi aliyesimama jikoni na mwiko mkononi hawezi kufanya hivyo. Ujumbe mfupi wa maandishi wenye shughuli tano au sita za wiki ungemfaa zaidi, na usingetumia bando lake.

Ya pili inawahusu walinzi na watumishi wengine wasio na simu janja. Karatasi hubandikwa nje ya masijala, mahali ambapo mlinzi wa zamu ya usiku hapiti, kwa kuwa huingia kazini ofisi zikiwa zimefungwa. Nakala moja ikibandikwa lango kuu, na nyingine mlango wa jikoni, tatizo hili litakwisha kwa gharama ya karatasi mbili.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Nafasi za masomo na semina za nje ya chuo, zile zenye nauli na posho ya kujikimu, mara kadhaa zimeandikwa katika Taarifa siku ya mwisho ya kuomba ikiwa imeshapita au imebaki siku moja. Walioshinda karibu na ofisi walikuwa wamekwisha kuomba. Sisemi kwamba ilikusudiwa, maana barua nyingine huchelewa kufika chuoni, lakini matokeo ni yaleyale: wakufunzi walewale ndio wanaosafiri, na wenzao wa karakana za mbali wanasoma habari za safari hizo katika ukurasa wa pili. Huduma iliyofanikiwa kuipanga Nane Nane miezi miwili kabla haishindwi kuipeleka barua ya mafunzo kwa watumishi wote siku ileile inayogongwa muhuri wa kupokelewa. Natamani pia maazimio ya vikao yachapishwe kwa ufupi, kwa sababu kwa sasa tunaarifiwa kwamba kikao kitafanyika, kisha hatusikii kilichoamuliwa.

Kwa upande wa gharama, kinachotumika ni karatasi, wino, na muda wa karani wa masijala akisaidiana na mkufunzi wa kompyuta kila Ijumaa asubuhi. Chuo chochote cha maendeleo ya wananchi kinaweza kuanzisha huduma ya namna hii muhula ujao bila kusubiri bajeti mpya. Kitakachoamua kuianzisha kianze na lile jedwali la safu nne na sehemu ya “Yanayokuja”, na barua za mafunzo ziingizwe humo tangu toleo la kwanza.