Samaki wa kununua kwa ajili ya moyo: anza na vibua

Ukienda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kununua samaki wa kulinda moyo, pita kwenye mafungu ya vibua kabla hujavutwa na changu na kamba. Mafuta yanayotafutwa, yaani omega-3 aina ya EPA na DHA, hushusha trigliseridi, yaani aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu. Wataalamu wa moyo wa Marekani wanashauri milo miwili ya samaki kwa wiki, hasa wenye mafuta.

1. Vibua. Kwangu hakuna anayewashinda kwa bei yao. Ni wadogo, hivyo zebaki, ambayo ni sumu, ni kidogo. Tazama jicho angavu lililotuna, mashavu mekundu, tumbo lisilolegea. Usikubali walioanikwa juani bila barafu hata ukipunguziwa bei: kibua aliyepata joto hujenga histamini, na hiyo haiishi kwa kupikwa. Ndiyo inayomfanya mtu awashwe na kuiva uso baada ya kula. Nyumbani wachome, au wapike mchuzi wa nyanya na ndimu. Ukiwakaanga hadi wakauke, mafuta yao mazuri hubaki karaini na wao hunywa ya kupikia.

2. Dagaa, wa baharini au wa Ziwa Victoria. Unawala wazima, kwa hiyo unapata na kalsiamu. Chukua wanaong'aa kama fedha, walioanikwa kwenye chanja. Wenye unjano na harufu ya kuchacha waache. Wale waliochemshwa kwa chumvi waloweke kwa maji ya moto kisha umwage, hasa kama nyumbani kuna mwenye presha.

3. Sadini wa kopo. Wanafaa sana kwa asiye na friji. Soma kiasi cha chumvi kwenye lebo.

4. Jodari na nguru. Ni watamu, lakini jodari wetu wengi hawana mafuta mengi kama wanavyosifiwa, na samaki wakubwa hubeba zebaki zaidi. Mjamzito aepuke papa na nduaro kabisa.

5. Vidonge vya mafuta ya samaki. Utafiti wa VITAL wa Marekani, uliotangazwa 2018 na kuhusisha watu zaidi ya 25,000, ulitumia gramu 1 kwa siku na haukuonyesha kwamba inapunguza kwa uhakika matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa jumla. Dozi kubwa huongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Mwenye trigliseridi za juu sana anaweza kuandikiwa na daktari. Wengine, pesa hiyo inunue vibua.

Kamba, pweza na ngisi wana mafuta kidogo mno. Wanunue kwa utamu wao.