Wiki 8 kwenye kozi ya majadiliano kwa watu wazima: kilichonifaa na kilichokosekana

Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa chama cha wakazi wa majengo tunayoishi, na kwa miaka yote hiyo sentensi moja imejirudia kwenye mihtasari yangu: "Baada ya majadiliano marefu, wajumbe walikubaliana." Juzi nimelipitia jalada zima. Naweza kuapa kwamba mara nyingi hapakuwa na majadiliano yoyote. Watu watatu walipaza sauti, waliobaki walitazama simu zao, mwenyekiti akauliza "Tumekubaliana?" na kimya kikahesabiwa kuwa ndiyo. Niliandika jambo lisilo la kweli bila kukusudia, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona majadiliano yenyewe yakifanyika.

Ndiyo maana nilijiandikisha kwenye kozi ya stadi za majadiliano kwa watu wazima. Ilikuwa ya wiki 8, jioni moja kwa wiki, saa mbili na nusu kila kikao. Tulikuwa washiriki 14 na wawezeshaji wawili. Nimeimaliza mwezi uliopita, na watu kadhaa wameniuliza kama inafaa. Inafaa, tena sana. Lakini ina pengo moja kubwa ambalo mtu anapaswa kulijua kabla hajalipa ada yake, na nitalieleza.

Kikao cha kwanza kilinifanya nitake kuacha. Utambulisho, matarajio, kanuni za kundi kwenye karatasi kubwa ukutani: simu zizimwe, tusikatizane, yanayosemwa humu yabaki humu. Cha pili kilikuwa afadhali kwa kuwa tulitenganisha mdahalo na majadiliano. Shuleni wengi wetu tulifundishwa mdahalo tu: upande wa kuunga mkono, upande wa kupinga, hoja, makofi, mshindi. Kwenye mdahalo nakusikiliza ili nione pa kukubana. Kwenye majadiliano nakusikiliza ili nijue imekuwaje mtu mwenye akili zake timamu akaamini jambo ambalo mimi naliona la hatari. Nilidhani nimeelewa. Kumbe sikuwa nimeelewa mpaka kikao cha tatu.

Hicho cha tatu ndicho kilichobeba kozi nzima. Tulikaa wawili wawili. Mmoja anazungumza dakika tatu juu ya jambo linalomgusa kweli, na mwenzake haruhusiwi kujibu, kushauri wala kutikisa kichwa. Dakika zikiisha, msikilizaji anarudia kwa maneno yake alichosikia, kisha anauliza, "Nimekupata?" Msemaji akisema hapana, anaeleza tena pale palipopotoka, na msikilizaji anajaribu upya. Hamsogei mpaka msemaji mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo hasa."

Nilipangwa na mzee mmoja aliyeendesha malori ya masafa marefu hadi alipostaafu. Alizungumzia imani yake kwamba kijana asipewe uongozi wa chochote kabla hajafikisha miaka 40. Mimi nina binti wa miaka 26 ambaye ndiyo kwanza amechaguliwa kuwa mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Damu ilinichemka. Nikarudia: "Unasema vijana hawana akili ya uongozi."

"Hapana, mwanangu. Sikusema hivyo."

"Unasema hawana uzoefu."

"Unakaribia, lakini bado."

Kila nilipokosea aliongeza kipande. Nilipofika mara ya nne ndipo nilipolipata jambo lake. Akiwa kijana alikabidhiwa usimamizi wa magari 11 bila mtu wa kumwelekeza. Akafanya kosa, na mwenzake mmoja akapoteza mguu kwa kosa hilo. Kati ya wakubwa waliompa kile cheo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa lolote. Mzee hakuwa na ugomvi na umri wa mtu. Ugomvi wake ulikuwa na wale wanaomtwika kijana mzigo halafu wanamgeuzia mgongo. Kwa hilo mimi naye tuko pamoja kabisa.

"Hivyo hasa," alisema, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

Mara nne! Jambo limesemwa kwa lugha nyepesi na mtu aliyekaa hatua moja mbele yangu, na bado nilihitaji kujaribu mara nne ili nilisikie. Usiku ule nilifikiria ni maneno mangapi ya watu nimeyaingiza kwenye mihtasari kwa kuyasikia mara moja tu.

Kikao cha nne kilihusu historia ya mafunzo ya namna hii, na nakiri kwamba nilikipenda kuliko wenzangu. Mwezeshaji mmoja aliwahi kufundisha kisomo cha watu wazima, na alisimulia kama anayesimulia habari za ukoo wake. Shule ya kwanza ya wananchi kwa watu wazima kule Denmark, iliyofunguliwa Rødding mwaka 1844 kutokana na mawazo ya N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mwandishi wa huko aliyetaka watu wajifunze kwa neno lililo hai, kwa kuzungumza, badala ya kukaririshwa. Duara za masomo za Sweden, ambazo Oscar Olsson alizianzisha mjini Lund mwaka 1902 ndani ya harakati za kupinga ulevi: wafanyakazi wenye elimu ndogo wakikusanyika, wakisoma kitabu kimoja, wakikijadili bila mwalimu juu yao. Mwaka 1912 vyama vya wafanyakazi huko vikapata shirika lao la elimu, ABF, na duara hizo zikaenea. Watu walizoea humo kuongoza kikao, kusubiri zamu, kushindwa kwa kura na kurudi wiki inayofuata. Mimi nikiwa mwandika mihtasari, habari hiyo ilinigusa pabaya.

Tulifika pia Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazil, ambako mwaka 1963 mwalimu Paulo Freire na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa muda wa takriban saa 40. Walianza na maneno ya maisha yao wenyewe, na kila neno lilijadiliwa kwanza kabla ya kuandikwa. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, mpango ukafungwa, Freire akawekwa ndani na baadaye akaenda uhamishoni. Tulikaa kimya kidogo hapo. Jeshi lilikuwa limeona kwamba watu waliojifunza neno kwa kulijadili hawaishii kwenye neno. Na Tanzania mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vya kusikiliza redio pamoja, kujadili, kisha kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Angalieni mpangilio wake: wanasikiliza, wanajadili, halafu wanafanya. Nitaurudia.

Kikao cha tano kilikuwa cha maswali. Kuna swali la udadisi na kuna swali la mtego, na mtu mzima hunusa tofauti mara moja. "Kwa nini unaamini hivyo?" humfanya mtu ajitetee, wakati "Ilianzaje kwako?" humfanya asimulie. Walitupa mfano wa utafiti wa David Broockman na Joshua Kalla uliochapishwa mwaka 2016. Huko Miami, Marekani, watu walipita mlango kwa mlango wakizungumza na wapiga kura kwa dakika 10 hivi kuhusu watu waliobadili jinsia. Hawakuwahubiria. Waliwaomba wakumbuke siku ambayo wao wenyewe walihukumiwa kwa kuwa tofauti. Chuki ilipungua, na miezi mitatu baadaye upungufu huo ulikuwa bado upo. Dakika 10 tu, mlangoni, na mtu usiyemjua. Tangu nisikie hilo sijasema tena kwamba fulani "habadiliki".

Kulikuwa na jioni moja ambayo ingeweza kuharibika. Mshiriki mmoja, muuguzi, alisimama katikati ya zoezi akasema, "Mimi kazi yangu ni kusikiliza. Nimewasikiliza madaktari, nimewasikiliza ndugu wa wagonjwa wanaonitukana. Leo mnaniambia nikasikilize zaidi?" Alikuwa na haki. Ni rahisi sana kumwambia aliyeonewa awe mvumilivu na asikilize, huku aliyemwonea anapewa zamu sawa na yeye kana kwamba wanasimama mahali pamoja. Mpangaji anayeweza kutolewa nje kesho hazungumzi kwa uhuru mbele ya mwenye nyumba, hata mkikaa kwenye duara. Mwezeshaji hakumkatiza wala hakujitetea. Alisimamisha zoezi, akamwomba muuguzi aseme yote, na sisi 13 tukawa wasikilizaji wake mpaka aliposema "hivyo hasa". Kwa jinsi alivyoishika jioni ile, nampa yule mwezeshaji alama zote.

Kikao cha saba nacho ni cha kutumia kesho yake. Tulifundishwa kuongoza: kuwapa watu dakika moja ya kuandika kabla ya mtu yeyote kusema, ili wazito wa kusema wasimezwe na wepesi, kuanza na mzunguko ambamo kila mtu anasema mara moja kabla ya yeyote kusema mara ya pili, kugawa vijiti vitatu kwa kila mjumbe, kila ukisema unatoa kimoja, na vikiisha unabaki kusikiliza. Hicho cha vijiti kinaonekana cha kitoto mpaka umwone mjumbe asiyenyamaza akishika kijiti chake cha mwisho na kupima kama neno alilo nalo linastahili.

Sasa hilo pengo. Sisi 14 wote tulikuwa tayari tunaamini katika majadiliano, la sivyo tusingejiandikisha. Kikao cha sita kilikuwa cha igizo dhima, na ilitulazimu kuwaigiza watu tunaopingana nao, kwa kuwa wao wenyewe hawakuwepo. Nilimwigiza jirani ambaye sijapatana naye kwa mwaka mzima, na nilimwigiza vibaya, kama mtu mkaidi asiye na sababu. Hakuwepo wa kuniambia "sikusema hivyo". Mzee wa malori nilikutana naye kwa bahati tu. Kozi inayotaka kuimarisha jamii haiwezi kutegemea bahati. Inapaswa kwenda kuwatafuta walio upande wa pili, au angalau imtake kila mshiriki aje na mtu mmoja asiyekubaliana naye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kozi iliishia kwenye kuelewana. Hapa naurudia ule mpangilio wa Mtu ni Afya: hakuna kikao kilichofundisha namna ya kutoka kwenye kuelewana hadi kwenye uamuzi. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kwamba hilo ni somo jingine. Sikubaliani. Watu wazima wana watoto, zamu za kazi na magonjwa ya wazazi. Ukiwaita wazungumze vizuri mara tatu na lisitokee lolote, mara ya nne hawaji, na wana sababu. Kule Ireland, baraza la wananchi lililoanza mwaka 2016 lilikuwa na raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu pamoja na mwenyekiti. Walisikiliza wataalamu na watu walioguswa na sheria ya utoaji mimba, wakajadiliana wakiwa kwenye meza ndogo ndogo, kisha wakapiga kura ya siri. Pendekezo lao likaenda bungeni, na mwaka 2018 nchi nzima ikapiga kura ya maoni ya kuondoa katazo la utoaji mimba kwenye katiba, na zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura wakakubali. Mtu anaweza kuyapinga matokeo hayo kwa dhamiri yake yote. Ninachosema ni kwamba wale 99 walijua tangu siku ya kwanza maneno yao yanakwenda wapi. Sisi wiki ya nane tulipewa vyeti.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefikiria kozi ya aina hii: nenda, lakini usiende peke yako. Nenda na mtu mnayevutana naye. Muulize mwandaaji kabla ya kulipa ni saa ngapi za mazoezi na ni ngapi za mihadhara, na mazoezi yakiwa chini ya nusu, tafuta kozi nyingine. Na uwe na jambo halisi linalosubiri uamuzi huko utokako, vinginevyo stadi zenyewe zitakutoka ndani ya mwezi.

Mimi nilikuwa nalo. Chama chetu kimegawanyika juu ya geti: lifungwe saa nne usiku kwa ajili ya usalama, au libaki wazi kwa ajili ya wanaotoka zamu za usiku. Jirani niliyemwigiza vibaya ndiye anayeongoza upande wa kulifunga. Kwenye mkutano uliopita niliomba nusu saa kabla ya kura, na nikaomba niwe mimi wa kwanza kurudia maneno yake. Mkutano haukuwa mzuri sana. Watu wawili waliondoka wakisema tunapoteza muda, na kura tuliiahirisha hadi mkutano ujao. Lakini ilinichukua mara tatu tu, na nilijifunza kwamba dada yake aliwahi kuvamiwa nyumbani usiku, mlango ukiwa wazi. Tumeishi jengo moja miaka sita. Sikulijua hilo.

Muhtasari wa siku ile ni wa kurasa nne. Hauna ile sentensi yangu ya zamani. Nimeandika sababu za kila upande kwa maneno ambayo wenyewe waliyakubali, na juzi usiku niliupeleka kwa jirani yangu ausome kabla sijauweka ubaoni. Aliusoma akiwa amesimama mlangoni, kidole kikifuata mistari.

"Dada katibu," alisema, "hapa umeniandika sawa. Ila huu mstari wa pili, sivyo nilivyosema."

Nikatoa kalamu.