Rigi ya begani au gimbali?

Kwa sisi tunaopiga video za sendofu na harusi hapa Dar, gimbali ndiyo inayovutia macho. Ni kishikio cha kamera chenye mota tatu zinazoirekebisha kila inapoyumba, kwa hiyo ukimfuata bibi harusi akiingia ukumbini, picha inateleza tu. Tatizo ni mkono. Kamera, lenzi na gimbali yenyewe vyote vinaning'inia mbele ya mwili; MC akianza kuita kamati mojamoja kutoa zawadi, kiwiko kinawaka moto. Ukibadilisha lenzi, unaanza kubalansi upya huku shughuli ikiendelea. Betri ikizima, umeshika chuma.

Rigi ya begani, yaani fremu ya kubebea kamera begani, haina mota. Pedi inakaa begani, mikono miwili inashika vishikio, uzito unagawanyika. Siri iko nyuma: funga betri kubwa au kipande cha chuma, mpaka ukilegeza mikono kamera isiinamie mbele. Niliwahi kupiga siku nzima bila uzito huo. Kesho yake kuinama kufunga kamba za viatu ilikuwa kazi. Mtikisiko mdogo unaobaki unafanana na pumzi ya mtu, na pale Feri, samaki wakinadiwa, mimi naupenda hivyo hivyo. Ila usitembee nayo haraka, hatua zako zote zitaonekana.

Kama kazi zako nyingi ni za kusimama saa nyingi, chukua rigi. Gimbali ikodi siku ya harusi. Na kwenye daladala, rigi utaipakata.