TAHADHARI: Wakala wa "kujitolea Uingereza, viza uhakika" amenichukulia pesa kwa cheti feki

Ndugu zangu, hasa nyinyi mliomaliza shule na mna mwaka mzima kabla ya kuanza chuo, pamoja na wazazi mnaowatafutia watoto nafasi ya kwenda kujitolea nje: kabla hujamtumia wakala hata senti, soma hili hadi mwisho. Mimi nimelizwa. Pesa iliyokwenda haikuwa yangu peke yangu, maana mama mdogo alitoa akiba aliyoiweka kwa miaka mitatu ili nisikose nafasi. Aliyeichukua bado yuko hewani, tangazo ni lile lile, kabadilisha jina la ukurasa tu.

Tangazo lilisema kuna nafasi 12 za kujitolea Uingereza kwa miezi 12, kwenye makazi ya watu wazima wenye ulemavu, malazi na chakula juu ya kituo, "viza uhakika". Ndoto yangu ni kusomea tiba ya viungo, kwa hiyo niliona riziki imenifuata nilipo.

Wiki mbili za mwanzo wakala hakugusia pesa kabisa, na hapo ndipo aliponipata. Alinifanyia usaili kwa simu, dakika kama 40, maswali ya maana: nimewahi kumhudumia mgonjwa? Nitafanyaje mtu ninayemhudumia akikataa kuoga? Nikizidiwa na upweke huko nitamwambia nani? Aliniita mdogo wangu, akasifia majibu yangu, akasema anapeleka jina kwa "bodi". Siku tatu baadaye akapiga kunipongeza. Nililia kwa furaha. Nayasema haya kwa sababu wengi tunadhani tapeli ni mtu wa haraka haraka anayeandika hovyo. Huyu alikuwa mpole, simu anapokea, hata jina la mama mdogo alikuwa analikumbuka na kumsalimia.

Ikaanza ada ya usajili, ndogo tu. Nikalipa. Ikaja ada ya kufungua faili. Nikalipa. Kisha ikaja ada ya cheti cha udhamini, kubwa kuliko zile mbili ukizijumlisha, na safari hii ikaja na saa yake: ilipwe kabla ya saa kumi jioni siku ile ile, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akaunti ilikuwa ya jina la mtu binafsi. Nilipouliza, akasema huyo ni mhasibu wao. Nikaliacha lipite, kwa sababu nilishalipa mara mbili na sikutaka zile zipotee bure. Kama kuna kitu kimoja nataka mkishike kwenye maneno yangu yote, ni hiki: ada ya kwanza ni chambo. Ukishaimeza, ya tatu unailipa ili kuiokoa ya kwanza.

Cheti kikaja kwa WhatsApp. Tangu siku ile nimekikodolea macho mara nyingi sana, kwa hiyo naweza kuwaeleza kilivyo. Jina la kituo limeandikwa kwa namna mbili tofauti, juu ya ukurasa hivi na chini vile. Saini ya "mkurugenzi" ukiikuza unaona pembeni yake mraba mweupe kuliko karatasi yenyewe, yaani imekatwa kwenye barua nyingine ikabandikwa pale. Tarehe iliyowekwa ilikuwa Jumapili. Lakini namba yangu ya pasipoti ilikuwa sahihi tarakimu kwa tarakimu, na macho yangu yalikwenda hapo tu. Bila shaka ilikuwa sahihi, nilimpa mwenyewe.

Na kumbe cheti hicho hakikutakiwa kuwa karatasi hata kidogo. Anayekwenda Uingereza kujitolea kwa muda mrefu kwenye taasisi ya hisani huomba viza ya kazi ya muda ya kundi hilo la hisani, isiyozidi miezi 12, na udhamini wake ni rekodi ya kielektroniki ambayo taasisi yenyewe huitengeneza ndani ya mfumo wa serikali. Mwombaji hupewa namba ya kumbukumbu ya kujaza kwenye ombi lake. Mtu akikutumia "cheti cha udhamini" chenye muhuri wa mviringo na nembo za kung'aa, ujue kakichora.

Kilichonizindua ni pesa ya kuonyesha. Sheria ipo kweli: mwombaji wa viza ile aonyeshe pauni 1,270 zilizokaa kwenye akaunti yake siku 28 mfululizo, isipokuwa kama mdhamini amethibitisha kwamba atamgharamia mwanzoni. Wakala aliijua sheria hiyo vizuri na akaipinda mahali pamoja tu. Alitaka kiasi hicho tukihamishie kwenye akaunti ya "kampuni", kikae huko siku 28, kisha atarudisha. Nilimsomea mama mdogo ujumbe ule. Akanyamaza kidogo, akaniuliza taratibu, "Kama wanataka kuona kuwa wewe una pesa, mbona ikakae kwa mtu mwingine?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule niliingia GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza. Kuna orodha ya wazi ya taasisi zote zenye leseni ya kudhamini wafanyakazi na wanaojitolea, mtu yeyote anaipakua bure. Nikatafuta jina la kituo, nikakikuta! Moyo ukatulia kwa dakika chache. Hapa nawaomba muwe makini, kwa sababu hii ndiyo hatua ambayo wengi wanaishia wakidhani wameshahakiki. Jina kuwemo kunathibitisha kwamba kituo kipo. Tapeli mwerevu hachagui kituo hewa, anachagua cha kweli, chenye sifa, kisha anakivaa.

Kilichobaki ilikuwa kukipigia kituo chenyewe. Namba sikuitoa kwenye barua ya wakala. Niliitafuta kwenye daftari la Charity Commission, tume inayosajili taasisi za hisani za England na Wales, ambako kila taasisi ina namba ya usajili, mawasiliano na hesabu zake za kila mwaka. Mwanamke aliyepokea aliniomba nitaje jina langu herufi moja moja, nikasikia akibofya, kisha kimya. Akarudi kuniambia hawana ombi lenye jina hilo, hawamtumii wakala yeyote, na mimi si wa kwanza kuwapigia kwa jambo hilo. Aliniomba radhi, mtu ambaye hakunikosea chochote.

Nilimwandikia wakala. Hakukasirika. Alisema mama wa mapokezi hawezi kujua mambo ya bodi, na kama nina wasiwasi kuna njia nyepesi: niende kwa viza ya matembezi, nikifika watanibadilishia. Huo nao ni mtego, tena wa hatari zaidi kuliko kuibiwa. Mwenye viza ya matembezi Uingereza anaruhusiwa kujitolea siku zisizozidi 30 kwa jumla, kwenye taasisi ya hisani iliyosajiliwa, na hawezi kuigeuza kuwa viza ya kazi akiwa ndani ya nchi. Ukimwambia ofisa wa mpakani unakwenda kujitolea mwaka mzima, unarudishwa. Ukimdanganya ukagundulika, unaweza kufungiwa kuomba tena kwa miaka. Nilipomjibu hivyo akanibloki.

Nchi ukiibadilisha, mchezo ni ule ule. Barua feki zenye nembo ya Umoja wa Mataifa zimejaa kila mahali. Programu ya Kujitolea ya Umoja wa Mataifa, UNV, ilianzishwa na Baraza Kuu mwaka 1970, makao yake yako Bonn, Ujerumani, na haitozi ada popote: kuomba bure, usaili bure, mafunzo bure, tena anayechaguliwa hupewa posho ya kujikimu. Ujerumani wana weltwärts, ya fedha za serikali, iliyoanza 2008 ikiwapeleka vijana wao nje, na tangu 2013 inapokea pia vijana wa nchi nyingine kwenda kujitolea huko, wa miaka 18 hadi 28. Mtu akikudai "ada ya nafasi" kwa jina la hizi, usibishane naye, mwache tu.

Lakini sitaki niwadanganye kwamba kila anayetoza ni mwizi. Mashirika mengi halali ya kupeleka vijana nje hutoza, na mengine hutoza ghali, kwa sababu kuna malazi, bima na mtu wa kukusimamia. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mkweli anakupa gharama yote kwa maandishi siku ya kwanza, anakuonyesha kiasi gani kinafika kituoni, anakuunganisha na waliowahi kwenda bila yeye kukaa katikati ya mazungumzo, na ukimwambia nipe wiki nifikiri, anakupa.

Kuna pia nafasi ambazo ukienda unazikuta kweli, na bado ni utapeli, ila anayeumia ni mwingine. Vituo vya yatima ndivyo vinaniumiza zaidi. Utafiti uliofanyika Kambodia ulionyesha kwamba karibu watoto watatu kati ya wanne waliokuwa kwenye vituo vile walikuwa na mzazi angalau mmoja aliye hai. Wageni wanaolipa ili wakae na yatima ndio wanaofanya watoto watafutwe vijijini wajaze vitanda. Australia, kwa sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, ilikuwa nchi ya kwanza kulitambua hilo kuwa aina ya utumwa. Kwa hiyo ukiona tangazo la kulea watoto wiki mbili, hawaulizi ujuzi wala cheti cha polisi cha tabia njema, wanauliza tu utalipaje, usiende hata kama picha zinakutoa machozi. Kituo kinachojali watoto hakimruhusu mtu asiyejulikana kuwabeba.

Baya kuliko yote ni lile ambalo hawakuombi chochote. Tiketi wanakata wao, viza wao, na dakika za mwisho unaambiwa unapitia nchi nyingine, au "mwenyeji" atakupokea pasipoti aitunze. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwezi Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia, walikuwa wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walitoka nyumbani wakiamini wamepata kazi nzuri. Pasipoti yako haitunzwi na mtu. Acha nakala nyumbani, acha anwani kamili ya unakokwenda, na kubalianeni na wa nyumbani neno moja ambalo ukilitaja kwenye simu watajua umeshikwa.

Kwa aliyekwisha kulipa: piga benki au kampuni ya simu saa hiyo hiyo, usisubiri kesho, maana muamala wa saa moja iliyopita unaweza kuzuiwa ila wa wiki iliyopita mara nyingi umeshatolewa. Pesa iliyotumwa kwa Western Union au MoneyGram ikishachukuliwa upande wa pili, kuipata tena ni kazi kubwa. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia aibu. Polisi walitaka kwangu ujumbe wote tangu mwanzo, namba na risiti. Kama alichukua nakala ya pasipoti, mweleze ofisa unapotoa taarifa, aandike na hilo. Halafu jiandae: siku tisa baada ya mimi kulalamika hadharani alinitafuta "mwanasheria" anayerudisha pesa za waliotapeliwa, kwa ada ndogo ya kufungua faili. Maneno ni yale yale, "kufungua faili". Sikumjibu.

Mpaka naandika, ukurasa umeshabadilishwa jina mara mbili, ndiyo maana sihangaiki kulitaja. Kinachobaki ni picha ya juu: vijana watano waliovaa fulana za buluu, mbele ya jengo la matofali mekundu, wa pili kutoka kushoto ameshika bango. Nimeitafuta picha hiyo kwa Google Lens, imetolewa kwenye tovuti ya chuo ambacho hakihusiani na kujitolea kokote. Na siku ya kudai ada ya tatu anaandika hivi, neno kwa neno: "Leo ndiyo tunakufungia nafasi, mdogo wangu, usiniangushe." Ukipokea ujumbe huo, ni yeye.