Boksi la lita 20 kwenye buti la IST: uzoefu wangu

Boksi langu la zamani la sabufa lilikuwa limekula buti zima la Toyota IST. Nikitoka sokoni, mizigo inapanda kiti cha nyuma. Tairi likipasuka, kwanza nishushe boksi barabarani ndipo nilifikie la akiba. Nikaamua nitengenezeshe boksi dogo lililofungwa pande zote, lisilo na tundu la kupumulia, kwa sabufa yangu ya inchi 10. Nimelitumia miezi minne hapa Dar na naridhika nalo kabisa, ila nimefika hapa baada ya kulipia maboksi mawili.

La kwanza lilitengenezwa na fundi wa muziki wa magari. Nilimpa vipimo vya ndani: sentimita 35 kwa 30 kwa 21, yaani lita 22. Yeye akavichukua kuwa vya nje. Ubao wa MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) una unene wa milimita 18, na unene huo unakatwa kila upande, kwa hiyo ndani zikabaki lita 14 na kidogo. Nilipomweleza akasema, "Kaka, boksi ni boksi, we ongeza sauti tu." Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Karatasi ya sabufa huwa na namba tatu za kuangalia: Fs (mlio wake wa asili ikiwa nje ya boksi, kwa Hz, yaani mitetemo kwa sekunde), Qts (jinsi inavyodhibiti mtetemo huo) na Vas (ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa sabufa yenyewe). Yangu ni 30 Hz, 0.45 na lita 30. Chukua Vas, gawanya kwa ujazo wa boksi, jumlisha 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa Qts. Jibu likiwa karibu na 0.7, besi inashuka taratibu bila kuvimba popote. Kwangu hiyo ni lita 20 na nusu hivi, na lita moja na nusu ya ziada kwenye zile 22 ni nafasi inayoliwa na sabufa yenyewe. Boksi la yule fundi, ukitoa nafasi hiyo hiyo, lilitoa 0.82, na mlio wa asili wa sabufa ikiwa ndani ya boksi ukapanda kutoka 47 Hz niliyoikusudia hadi karibu 55. Nota ya chini kabisa ya gitaa la besi ni 41 Hz, na mimi nasikiliza sana muziki wa dansi, ambako besi ndiyo inayobeba wimbo.

Nikiri kwamba tofauti ya ujazo peke yake isingeniudhi kiasi kile. Kilichoharibu zaidi ni uvujaji. Sukuma koni, ile sehemu ya mbele ya sabufa inayocheza, polepole kwa vidole vilivyotandazwa, kisha achia: boksi lililozibwa vizuri huirudisha kwa uvivu. Langu liliirudisha papo hapo, na nikiongeza sauti hewa ilisikika ikivuja pale zinapoingia waya.

La pili nilimpelekea seremala wa samani, pamoja na mchoro wenye vipimo vya nje: 38.6 kwa 33.6 kwa 24.6. Hajawahi kugusa redio ya gari, lakini anakata mbao kwa unyoofu. Alitumia kipande cha MDF kilichobaki kwenye kazi nyingine, gundi ya mbao kila kiungo na skrubu kila baada ya sentimita 10 hivi. Mimi nikapaka silikoni kwenye pembe zote za ndani, nikaiacha siku nzima ikauke kabla ya kufunga sabufa, maana mvuke wake si mzuri kwa koni. Nje nikapiga rangi tabaka mbili kabla ya kapeti, kwa sababu MDF ikinywa maji inavimba, na unyevu wa pwani tunaujua.

Sasa besi inafuata kidole cha mpigaji: inapiga, inanyamaza. Watu wengi huniambia boksi lililofungwa halishuki. Sebuleni wana hoja, lakini gari dogo lenye vioo vilivyofungwa lenyewe linainua sauti za chini, kuanzia 60 au 70 Hz kwenda chini, na kufidia pale boksi linapopungukiwa. Amplifaya nimeikatia 80 Hz, sauti za juu ya hapo zisiende kwenye sabufa. Anayetaka kishindo cha kusikika mtaa wa pili atafute boksi lenye tundu, na akubali kupoteza buti.

Boksi tupu lina kilo 7 hivi, nalitoa mwenyewe. Limebaki jambo moja: kibao cha namba cha nyuma kinatetemeka nyimbo fulani zikipigwa. Jumamosi nitakiwekea sponji nyembamba kwa nyuma.