Gari la umeme nimelipenda, yadi iliyoniuzia sitaki hata kuisikia

Naanza na muuzaji, maana nikianza na gari nitajikuta nasifu, na leo sina moyo huo.

Nilikwenda kwenye yadi moja ya magari ya Ngong Road, Nairobi, kuangalia Nissan Leaf, zile za mtumba kutoka Japani. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume kwa sababu tulitoka kanisani pamoja, basi. Hana hata leseni. Muuzaji akampa mkono yeye, akamfungulia mlango wa dereva yeye, mimi akanionyesha kioo cha kujipodolea. "Hii itamfaa sana madam, ni gari ya kina mama, haina gia." Nikauliza betri imebaki na vijiti vingapi. Akamjibu mdogo wangu: "Mwambie asijali, betri iko sawa."

Anayeijua Leaf anajua hilo ndilo swali la kwanza. Kando ya kipimo cha chaji kuna vijiti vidogo 12, vinavyopungua kadiri betri inavyochoka. Betri hiyo haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, kwa hiyo iliyozoea joto huchoka mapema. Nikainama nikahesabu mwenyewe: 10. Nikamwonyesha kwa kidole. Jamaa, bila haya: "Hivyo ni vya mapambo, madam. Mzee wako ataelewa."

Mzee gani? Pesa ni mkopo wangu wa sacco, na mshahara unaokatwa ni wangu.

Nililichukua hapo hapo, ndiyo. Vile vijiti 2 vilivyopungua nilivikalia mpaka bei ikashuka, na hapo ndipo alipoanza kuniangalia usoni. Nikadhani yameisha. Kufika nyumbani, plagi ya waya wa kuchajia ni ya Kijapani, haiingii kwenye soketi yetu hata ufanyeje. Nikapiga simu yadi. "Mpe mzee simu nimweleze." Nikakata. Fundi wa stima wa mtaani ndiye aliyenifungia soketi inayofaa na swichi yake, kwa pesa zangu. Skrini mpaka leo inanisemesha Kijapani.

Halafu matangazo yao eti wanawake tunavutiwa na magari haya kwa kuwa ni madogo na yanapendeza. Nani kawaambia? Kinachotuvuta ni kuikimbia gereji. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za kubadilisha, hakuna fundi wa kukutolea sauti ya msiba, "madam, giaboksi imekwisha," wakati ulileta gari kwa ajili ya breki. Nachaji usiku nyumbani, geti limefungwa, badala ya kusimama kwenye pampu gizani nikibishana na kijana kama mita ilianza sifuri. EPRA, mamlaka ya kawi, ikitangaza bei za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, nasikiliza kama habari za mvua ya nchi nyingine. Na stima yetu kwa sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo hata dhamiri inalala.

Ila usininukuu kwa kila mtu. Rafiki yangu anakaa kwenye fleti, keateka, yule msimamizi wa jengo, amemkatalia kabisa kuteremsha waya mpaka maegesho. Kwake gari hili ni mateso matupu. Na kupanda kutoka Mai Mahiu kurudi Nairobi, chaji inayeyuka huku unaitazama.

Gari nalipatia nyota 4. Sawa, 3, kwa ajili ya Mai Mahiu. Hapana, 4, maana jumapili hii nilipita nje ya gereji yangu ya zamani na fundi akanipungia mkono, nami nikampungia nikapita. Yadi nilitaka kuipa 1, ila nikikumbuka "mpe mzee simu" naona hata hiyo ni sadaka. Dada yangu anataka la kwake. Nimemwambia anunue tu, lakini aagize mwenyewe Japani, na adai picha ya vile vijiti kabla ya kutuma hata shilingi.